Nalilia Mwana: albamu ya Remmy tuliyoiacha njiani

Jioni moja stendi ya Buzuruga, mzee muuza kahawa alikuwa akisuuza vikombe huku kiredio chake cha memori kadi kikipiga Arusi ya Mwanza. Kijana mmoja, kashata mkononi, akauliza nani anaimba. "Remmy huyo, mjukuu wangu." Kijana alimjua Remmy wa nyimbo za Kifo na Mambo kwa Soksi. Wimbo huu wenye jina la mji wake hakuwahi kuusikia.

Umo katika Nalilia Mwana, albamu ya Dokta Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila iliyotolewa na lebo ya WOMAD, Uingereza, mwaka 1988, baada ya rafiki yake kupeleka kanda huko. Mwaka uliofuata ikatoka albamu nyingine, Songs for the Poor Man, chini ya lebo ya Real World ya Peter Gabriel, na sifa zote zikahamia huko. Nyumbani tulizoea kuzisikia nyimbo zake moja moja redioni. Wengi hatukupata kuisikiliza albamu nzima.

Tumekosa kitu kikubwa. Wamarekani weusi wana bluzi, muziki wa kuitaja shida hadharani mpaka ipungue uzito. Remmy muziki wake aliuita ubongo, lakini kazi ni ileile. Tazama majina ya nyimbo tu: Ndumila Kuwili, Mnyonge Hana Haki. Hayo ni maneno ya barazani kwetu. Magitaa yanapokezana bila papara, na sauti yake nzito, yenye mikwaruzo, haishindani nayo. Inasimulia, kama mtu aliyekaa nawe kwenye benchi.

Na alikuwa na la kusimulia. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, baada ya mama yake kupoteza watoto wawili. Mganga alimwonya mama asimnyoe mtoto huyu. Rasta zake zina asili hiyo. Kisha mama naye akafariki, Remmy akiwa bado mdogo. Mtu wa historia hiyo akiimba Nalilia Mwana, anaujua uzito wa kilio.

Remmy alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Sinza wamemuenzi kwa kituo cha daladala kiitwacho Kwa Remmy. Sisi wa Mwanza alituachia wimbo. Watangazaji wa redio zetu, ipigeni albamu hii yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, vijana wetu waisikie.