KINGA YA SARATANI YA MLANGO WA KIZAZI KWA WASICHANA WA TARIME NA SERENGETI

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania. Husababishwa na virusi vya papiloma viambukizwavyo kwa kujamiiana, na aghalabu huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kudhihirika. Muda huo ndio uwezao kumhadaa msichana wa Tarime au Serengeti: akijiona mzima, hudhani hana haja ya kinga wala kipimo.

Chanjo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ilianza kutolewa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba huleta utasa si kweli. Aidha, aliyechanjwa hukusudiwa apimwe atimizapo miaka 30, na mwenye virusi vya UKIMWI mapema zaidi. Mlango wa kizazi hupakwa siki, na penye kasoro hugeuka peupe. Kasoro hiyo hutibika kabla haijawa saratani.

Hivyo, wazazi wanahimizwa kuwaruhusu mabinti zao wachanjwe, na akina mama wasizuiliwe na haya. Anayengoja maumivu huwa amechelewa.