Kambi zinabadilika, serikali ni ileile

Msikilizaji wa redio pale Mubi, katika teritware ya Walikale, amelisikia jina la Julien Paluku chini ya bendera kadhaa. Alitokea RCD/K-ML ya Mbusa Nyamwisi, kundi la vita lililogeuka chama, na mwaka 2007 akawa gavana wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Mbusa alipoachana na Rais Kabila na kugombea urais mwaka 2011, Paluku hakumfuata. Alijiundia chama chake, BUREC, ndani ya kambi ya Kabila. Mwaka 2019 kambi hiyo, FCC, ikampa wizara ya viwanda. Desemba 2020 Rais Tshisekedi, aliyemrithi Kabila, alivunja ushirikiano wake na FCC. Paluku akaingia Muungano Mtakatifu, kambi mpya ya Tshisekedi, na Aprili 2021 akabaki na wizara ileile. Kambi zilibadilika, lakini yeye hakutoka serikalini.

Wanaomtetea husema mkoa wenye vita hauwezi kumudu upinzani, kwa kuwa kiongozi aliye mbali na Kinshasa hapati barabara wala askari. Hoja hiyo ina uzito, ila Walikale haiithibitishi. Miaka ile gavana akiwa upande wa Kabila, kasiterite, yaani madini ya bati, ya machimbo ya Bisie ilibebwa mgongoni kupitia msituni hadi Njingala, kisha ikapandishwa ndege huko Kilambo, ambako ndege zilitua juu ya barabara yenyewe, maana njia ya kwenda Goma ilikuwa mbovu. Septemba 2010 Kabila akasimamisha uchimbaji wote huko, na wachimbaji wakabaki bila kipato kwa miezi. Ni kweli kwamba machimbo na barabara za taifa si mamlaka ya gavana. Basi ukaribu na rais ulileta nini?

Kibaya zaidi, sheria haimgusi anayehama hivi. Kifungu cha 110 cha Katiba kinamnyang'anya kiti mbunge anayeacha chama chake kwa hiari, lakini chama kizima kikihama kambi, wabunge wake hawapotezi chochote. Januari 2021 Mahakama ya Katiba iliwaruhusu wabunge kujiunga na wingi mpya, na wingi wa FCC uliotoka kwenye masanduku ya kura ukayeyuka bila mpiga kura kuulizwa.

Kifungu hicho kirekebishwe: chama kinachoiacha kambi iliyokipeleka bungeni kirudi kwa wapiga kura. Na wewe wa Mubi, mgombea akija, mdai aseme hadharani atakaa kambi gani rais akibadilika.