Homa Baada ya Kutembelea Mbuga: Mwambie Daktari Ulikokwenda

Na Daktari Wetu, Kitale

Kila likizo inapofika, magari ya shule na matatu za kukodiwa huonekana yakiondoka Kitale na Bungoma alfajiri yakiwa yamejaa watoto, walimu na wazazi wanaokwenda kutazama wanyama wa pori. Wengine hawaendi mbali. Huishia Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, au Saiwa Swamp iliyo kando ya barabara ya Kapenguria, ambayo ndiyo mbuga ndogo zaidi nchini na ambamo mgeni hutembea kwa miguu akimtafuta sitatunga, yule swara wa majimaji. Wengine hufunga safari hadi Nakuru au Maasai Mara. Na wenye uwezo huvuka mipaka hadi Uganda, Tanzania, Zambia au hata Afrika Kusini.

Hilo ni jambo la kusifiwa. Haifai mtoto wa Kenya amjue ndovu kwa picha ya kitabuni tu ilhali wageni wanatoka ng'ambo kuja kumwona.

Watu wanaojiandaa kwa safari kama hiyo huniuliza kuhusu simba, nyati na nyoka. Ukweli ni kwamba mgeni anayebaki ndani ya gari na kufuata maagizo ya askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hana sababu kubwa ya kuogopa wanyama hao. Wanaofaa kuogopwa zaidi ni wadogo ambao hakuna anayelipa kiingilio ili awaone: mbu, mbung'o, kupe na popo. Madhara yao hayaonekani siku hiyohiyo. Hujitokeza wakati msafiri ameshafika nyumbani, nguo zimefuliwa na picha zimeonyeshwa majirani. Homa inapoanza, hakuna anayeikumbuka safari. Hapo ndipo hatari ilipo.

MALARIA BADO NDIYO YA KWANZA

Tuanze na ugonjwa tunaoujua sote. Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya huku huchelewesha ukuaji wa vimelea vya malaria ndani ya mbu, kwa hivyo ugonjwa huu, ingawa upo, si mwingi kama ulivyo maeneo ya chini. Ukiteremka hadi Bungoma, mambo hubadilika. Bungoma ni miongoni mwa kaunti za magharibi zenye malaria mwaka mzima, na ni moja ya zile zilizochaguliwa kuanza kuwapa watoto chanjo ya malaria mwaka wa 2019.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa msafiri. Mtu mzima aliyekulia Bungoma na kuumwa na mbu tangu utotoni huwa amejenga kinga kiasi. Kinga hiyo haimzuii kuugua, lakini mara nyingi humwepusha na malaria kali. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Kitale hana kinga hiyo. Hata yule wa Bungoma, akikaa miaka kadhaa Nairobi au ng'ambo, kinga yake hupungua. Akirudi likizoni kuwapeleka watoto wake mbugani, yeye na watoto wake ni wageni mbele ya mbu.

Tangu mtu aumwe na mbu mwenye vimelea hadi homa ianze hupita angalau siku saba. Mara nyingi huwa wiki mbili hivi, na wakati mwingine mwezi mmoja au zaidi. Kwa hivyo homa ya safari ya mwanzo wa Agosti yaweza kuanza shule zikishafunguliwa.

Nitatoa mfano mmoja. Miaka kadhaa iliyopita niliona msichana wa miaka 12 kutoka shule iliyo nje kidogo ya Kitale. Alikuwa ameugua homa, kuumwa na kichwa na kutapika kwa siku nne. Zahanati moja ilikuwa imemwambia mama yake kwamba ni homa ya matumbo, na mtoto alikuwa akimeza dawa zake sawasawa. Siku ya nne alianza kusinzia mchana kutwa na kujibu mambo asiyoulizwa. Nilimuuliza mama kama mtoto alikuwa amesafiri.

"Walienda Mara na shule," akajibu, "lakini hiyo ni zamani, daktari. Amerudi wiki mbili zimepita."

Wakati wa kurudi, wanafunzi hao walikuwa wamelala Kisumu usiku mmoja, katika bweni lisilo na neti. Damu ya mtoto ilipotazamwa kwa hadubini, ilikuwa imejaa vimelea vya malaria. Alikimbizwa hospitalini akadungwa sindano za atesunati, na baada ya siku chache akawa anaomba chai na mkate. Alipona. Lakini kama angelala nyumbani siku moja au mbili zaidi, huenda tungekuwa tunaongea mengine.

Mama huyo hakuficha chochote. Hakuulizwa, na yeye mwenyewe hakuona kwamba safari ya wiki mbili nyuma ilihusiana na homa ya leo. Naongeza kwamba kipimo cha damu cha homa ya matumbo kinachotumiwa katika zahanati nyingi huweza kuonyesha ugonjwa hata kwa mtu asiye nao. Mgonjwa mwenye homa aliyetoka safari asikubali kuambiwa ni homa ya matumbo kabla damu yake haijapimwa malaria. Na ikiwa kipimo cha kwanza hakikuonyesha malaria lakini homa inaendelea, kipimo kirudiwe.

MBUNG'O NA KUPE

Wazee wa magharibi mwa Kenya wanaukumbuka ugonjwa wa malale. Huletwa na mbung'o, nzi mkubwa anayeuma kwa uchungu hata mchana. Mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeumaliza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya umma. Ni ushindi mkubwa. Hata hivyo, wagonjwa wa mwisho walioambukizwa nchini kabla ya tangazo hilo walikuwa watalii wawili waliotembelea Maasai Mara mwaka wa 2012, nao waligunduliwa kuwa wagonjwa wakiwa wamesharudi kwao Ulaya. Vimelea vyake huweza kuishi ndani ya wanyama wa pori bila watu kujua. Wanaovuka kwenda mbuga za Zambia na Malawi wanapaswa kuwa macho zaidi, kwa kuwa malale bado yapo huko.

Mbung'o huvutiwa na rangi ya samawati na nyeusi. Ndiyo sababu mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa nguo za rangi ya kaki au udongo, zenye mikono mirefu. Ukiumwa, kisha baada ya siku chache pakafanyika uvimbe mwekundu wenye maumivu na homa ikafuata, usingoje.

Kupe naye hupanda miguuni mtu anapopita nyasini. Kusini mwa Afrika, homa ya kupe ni mojawapo ya magonjwa yanayowapata sana watalii waliotembelea mbuga. Dalili yake ni homa, maumivu ya kichwa na misuli, na kidonda kidogo chenye kigaga cheusi mahali alipouma. Kigaga hicho huweza kujificha kwapani, kwenye kinena au nyuma ya goti. Ugonjwa huu hutibika kwa dawa ya bei nafuu iitwayo doksisaiklini, mradi daktari aufikirie. Jikague mwili mzima kila jioni unapokuwa mbugani, na uwakague watoto.

MAPANGO YA ELGON

Sasa nije kwa jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Ndani ya Mbuga ya Mlima Elgon kuna mapango, na lililo maarufu zaidi ni Kitum. Ndovu huingia humo usiku, gizani, wakipapasa njia kwa mikonga, na kung'oa kwa pembe udongo wa mawe wenye chumvi. Ni ajabu ya kuonekana. Humo pia huishi popo wengi wala matunda.

Mwaka wa 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alifariki Nairobi kwa ugonjwa wa Marburg. Alikuwa ametembelea Kitum. Daktari aliyejaribu kumwokoa akaambukizwa, lakini alipona. Mwaka wa 1987 kijana wa miaka 15 kutoka Denmark alianza kuugua siku tisa baada ya kuingia katika pango hilohilo, naye akafariki. Kwa muda mrefu haikujulikana virusi vilikuwa vikijificha wapi. Popo mmoja aliyekamatwa Kitum mwaka wa 2007 alipopimwa, chembe za virusi hivyo zikapatikana, na utafiti nchini Uganda ulithibitisha kwamba popo wa aina hiyo ndio wanaovihifadhi bila wao kuugua.

Marburg haikuishia hapo. Mwaka wa 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kuingia pango la popo katika Msitu wa Maramagambo, Uganda. Mtalii wa Marekani aliyekuwa ameingia pango hilo miezi michache kabla yake aliugua sana, akatoka hospitalini bila ugonjwa wake kujulikana. Ni aliposikia habari za yule Mholanzi ndipo alipoomba apimwe tena, na mwaka wa 2009 ikathibitishwa kwamba alikuwa ameugua Marburg.

Mwaka wa 2017 ugonjwa huo ulizuka wilayani Kween, upande wa Uganda wa mlima wetu huu, baada ya mwindaji aliyekuwa akiwinda karibu na pango la popo kuugua. Watu watatu wa jamaa moja walifariki. Mmoja wao alikuwa amevuka na kuingia Kenya kabla ya kifo chake, na maafisa wa afya wa Trans Nzoia na Pokot Magharibi wakalazimika kuwatafuta watu aliokutana nao.

Sisemi watu wasiende Elgon. Watu wengi sana wameingia Kitum bila kudhurika, na wagonjwa wanaojulikana kuhusishwa na pango hilo ni hao wawili tu. Ni hatari ndogo, lakini ikimpata mtu ni kubwa mno, kwa sababu Marburg haina chanjo wala dawa maalumu iliyoidhinishwa. Tazama pango kutoka mlangoni. Usiingie ndani wanakoning'inia popo, usiguse mavi yao, na uwazuie watoto kuokota popo aliyeanguka. Ukishika kuta, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Marburg huanza ghafla siku 2 hadi 21 baada ya kuambukizwa, kwa homa kali, kichwa na maumivu ya misuli, dalili ambazo mtu yeyote angedhani ni malaria. Kutapika, kuhara na kutokwa damu huja baadaye. Mgonjwa anapowahi hospitalini na kuongezwa maji mwilini mapema, nafasi yake ya kupona huwa bora. Rwanda ilipopata mkurupuko mwaka wa 2024, wagonjwa 66 walithibitishwa na 15 wakafariki, idadi ndogo ikilinganishwa na mikurupuko mingi ya awali. Kusema "niliingia pangoni" pia huwalinda wauguzi na jamaa wanaokushika, kwa kuwa virusi hivi huambukiza kupitia damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili.

UFANYE NINI?

Kabla ya kuondoka, muone daktari wiki kadhaa mapema kama unakwenda mahali penye malaria nyingi, hasa ukiwa umetoka Kitale au ng'ambo. Kuna tembe za kuzuia malaria. Huanzwa kabla ya safari, na huendelea kumezwa kwa muda baada ya kurudi, wengi wakikosea kwa kuziacha siku wanapofika nyumbani. Beba neti yako iliyotiwa dawa, hata kama hoteli au shule imekuahidi neti. Mama mjamzito asiende maeneo hayo bila ushauri, kwa maana malaria humdhuru yeye na mtoto aliye tumboni.

Walimu wanaoongoza ziara nao wana kazi. Andikeni kwenye karatasi majina ya mahali mlipolala na mlipotembelea pamoja na tarehe, na kila mzazi apewe nakala. Mzazi aiweke pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.

Ukirudi, hesabu miezi mitatu. Homa yoyote itakayoanza ndani ya muda huo, nenda upimwe siku hiyohiyo. Usinunue tembe dukani na kungoja. Na hata kama daktari, klinikali ofisa au muuguzi hajakuuliza, anza wewe mwenyewe kwa kusema: "Nilisafiri. Nilikwenda mahali fulani, tarehe fulani. Nililala bila neti," au "niliumwa na kupe," au "niliingia pangoni." Maneno hayo hayalipiwi, na mara nyingi humsaidia daktari kuliko vipimo vingi atakavyoagiza bila kujua ulikotoka.