Mteja Asiyelipa: Biashara ya Matembezi ya Familia Dar es Salaam

Kila Jumapili, kuanzia kama saa 4 asubuhi, sehemu ya bajeti ya familia za Dar es Salaam huelekea baharini. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wao wanaishi kwenye nyumba za kupanga ambazo uwanja wake ni uchochoro wa kuanikia nguo. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji mahali pa kukimbia. Hitaji hilo linawalisha wauza mihogo wa Coco Beach, hoteli za ufukweni za Mbezi na Kunduchi, wenye boti wa Msasani, madereva wa bajaji na wenye viwanja vya michezo vya watoto.

Soko hili lina jambo moja linalolitofautisha na mengine: anayesababisha safari mara nyingi halipi. Kwenye daladala mtoto anayepakatwa hatozwi nauli. Kwenye hifadhi za taifa aliye chini ya miaka 5 haingii kwenye hesabu ya kiingilio. Mfanyabiashara anayetegemea geti peke yake, basi, anahudumia familia ya watu wanne kwa malipo ya watu wawili. Faida iko ndani: kwenye chipsi, soda, maji, bembea na askrimu.

Hoteli kadhaa za ufukweni zimelielewa hilo, ndiyo maana wikiendi hutoza kiingilio kisha hukigeuza kuponi ya chakula au kinywaji. Mzazi haoni kama amelipia mchanga, na jiko lina uhakika wa mauzo kabla sahani ya kwanza haijatoka. Ugomvi huzuka kwenye bango la kukataza vyakula kutoka nje. Mama mwenye mtoto mdogo huja na chupa ya uji, ndizi na maji yaliyochemshwa, na mlinzi mwenye busara hutazama pembeni, kwa sababu familia iliyorudishwa getini kwa ajili ya uji huondoka na kuponi zake zote.

Coco Beach hakuna geti, na ushindani wote uko kwenye karai. Muhogo humenywa na kukatwa vipande virefu, hukaangwa kwenye mafuta juu ya moto wa mkaa, kisha hupasuliwa na kujazwa kachumbari, chumvi na pilipili. Sahani ya mtoto hutengwa kabla pilipili haijapita. Muhogo wenyewe si ghali. Kinachomuumiza muuzaji ni mafuta na mkaa, ambavyo bei yake hupanda bila kumuuliza, wakati mteja amekwishazoea bei ya sahani. Kwa hiyo wengi hawapandishi bei, wanapunguza vipande. Pembeni yake kuna mishikaki, juisi ya ukwaju, madafu, ubuyu na wakodishaji wa tairi za kuogelea. Wapiga picha bado wapo, ingawa simu za mkononi zimewanyang'anya sehemu kubwa ya kazi. Wanaodumu ni wanaotoa picha iliyochapishwa papo hapo.

Kwenye viwanja vya michezo, mtaji mkubwa huingia kwenye majumba ya kurukia yanayojazwa upepo. Feni yake haiwezi kuzimwa mchezo ukiendelea, kwani upepo hutoka kwenye mishono muda wote. Umeme ukikatika, jumba hulala na watoto wakiwa ndani, hivyo jenereta na petroli ni gharama za lazima. Malipo ni kwa dakika, na mzozo wa dakika ngapi zimekwisha kati ya msimamizi na mzazi ni sehemu ya kazi ya kila siku.

Kalenda ndiyo bosi wa wote hawa. Masika, kati ya Machi na Mei, huweza kufuta wikiendi nzima. Jumapili inayofuata mshahara haifanani na ya katikati ya mwezi. Likizo za Juni na Desemba hujaza fukwe, na Maonesho ya Sabasaba kwenye barabara ya Kilwa, mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, huvuta familia ambazo mwaka mzima hazikutoka. Idi na Krismasi ni kilele, na pia ni siku za hatari. Mwaka 2008, siku ya Idi, watoto wapatao 20 walikufa katika msongamano kwenye ukumbi wa disko toto mjini Tabora. Tangu hapo polisi wamekuwa wakipiga marufuku disko toto sikukuu zinapokaribia, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inawabebesha wenye baa na kumbi za disko wajibu wa kuzuia watoto kuingia. Sehemu ya fedha za sikukuu ikahamia kwenye maeneo ya wazi.

Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, vilivyotengwa kama hifadhi za bahari mwaka 1975, ni soko la wenye kipato cha juu kidogo. Gharama kubwa hapa ni boti, na swali la kwanza la mzazi ni kama kuna jaketi okozi la saizi ya mtoto. Mwenye boti aliyekuja na ya watu wazima peke yake hupoteza familia nzima.

Mshindani mpya ametokea nchi kavu. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, kwa nauli ya kawaida ya shilingi 13,000. Wa miaka 4 hadi 12 nusu, na walio chini ya hapo bure. Safari ambayo kwa barabara, pamoja na foleni za kutoka jijini, huweza kula zaidi ya saa nne, sasa haizidi mbili. Kwa familia yenye mtoto mdogo treni yenyewe ndiyo matembezi, na wapo wanaokwenda na kurudi siku hiyohiyo. Stesheni ya Morogoro iko nje ya katikati ya mji, kwa hiyo bajaji ndiyo inayopata shilingi ya kwanza. Migahawa ya mjini hupata zinazobaki, ikiwa itawahi kupika kabla ya saa ya treni ya kurudi.