Mzigo wa Chai na Mzigo wa Mimba

Ndugu mkulima, wewe unajua ya kwamba chai haimngojei mtu. Majani mawili na chipukizi yakiwa tayari ni lazima yachumwe, na baada ya siku saba mpaka kumi na nne mchumaji hurudi tena kwenye miti ile ile. Majani yakichumwa ni lazima yafike kituoni siku hiyo hiyo, kwani yakilala huharibika. Kwa sababu hii watu wa chai hawana majira ya kupumzika kama watu wa mahindi.

Sasa jiulize swali dogo. Ni nani anayechuma? Simama alasiri moja kwenye kituo cha kupimia majani, ikiwa ni upande wa Litein, Kapkatet, Mogogosiek au Kapkoros, uitazame foleni ya vikapu. Wanaume wako, na vijana wako, lakini migongo mingi iliyoleta majani pale ni ya akina mama. Na katika akina mama hao hawakosekani wenye mimba.

Kikapu kilichojaa kina kilo kumi na zaidi. Mama hupita nacho kati ya mistari ya chai yenye umande, kisha hukipandisha mlima mpaka kituoni. Mwenye mimba ana mizigo miwili, mmoja nyuma na mmoja mbele. Karani wa mizani hupima ule wa nyuma tu. Makala haya ni juu ya ule wa mbele.

HALI ILIVYO

Kwanza tuseme yaliyo mema. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2008 na 2009 ulionyesha ya kwamba watoto 43 tu katika kila 100 walizaliwa hospitalini au katika kituo cha afya. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha wamefika 82. Mojawapo ya mambo yaliyosaidia ni kuondolewa kwa ada ya kujifungua katika hospitali za Serikali tarehe 1 Juni 2013.

Lakini yaliyo mabaya bado yapo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha ya kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 355 walikufa kwa sababu ya mimba au kuzaa. Kinachoua zaidi ni kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Kingine ni kifafa cha mimba, ambacho huanza kwa damu kupanda mbio bila mama mwenyewe kujua. Mambo haya mawili yanaweza kutibiwa, ikiwa mama amefika mapema mahali penye dawa na wauguzi.

Shida kubwa, basi, ni kuchelewa. Watu huchelewa nyumbani wakingoja ruhusa na pesa. Huchelewa njiani kwa matope na usiku. Na wakati mwingine huchelewa mlangoni pa hospitali. Mkulima hawezi kuyatengeneza yote, lakini la kwanza liko mikononi mwake, na la pili anaweza kulipunguza.

HATA NG'OMBE HUPUMZISHWA

Katika nchi yetu kila mtu anajua kutunza ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe akibakiza miezi miwili kuzaa, mfugaji mwema huacha kumkamua, humwongezea chakula kizuri, wala hamwachi apande miteremko mikali. Hakuna anayesema ng'ombe huyo ni mvivu. Anajua ya kwamba akimkamua mpaka siku ya kuzaa atapata ndama dhaifu na maziwa machache.

Simfananishi mama na ng'ombe. Nasema tu ya kwamba maarifa haya tunayo tayari, na ni ajabu tukiyatumia zizini na kuyasahau jikoni. Mama mwenye mimba si mgonjwa, na kazi nyepesi haimdhuru. Lakini yafaa mambo haya yafuatwe:

1. Asibebe kikapu kilichojaa. Achume nusu, na mtu mwingine achukue mzigo mpaka kituoni.
2. Asiinue mfuko wa mbolea wa kilo 50.
3. Asipulize dawa ya magugu, wala asifue nguo za mtu aliyepuliza.
4. Katika miezi miwili ya mwisho aache kuchuma kwenye miteremko yenye utelezi, na apate saa ya kulala mchana.
5. Akiisha kujifungua, asirudi kwenye chai baada ya juma moja kwa sababu majani yamekuwa mengi.

SIKU NANE ZA KLINIKI

Shirika la Afya la Dunia lilishauri mwaka 2016 ya kwamba mama mwenye mimba aonwe na wauguzi mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya juma la kumi na mbili kupita. Wakulima wengi husema, "Siku nane ni nyingi, nani atachuma?" Basi tufanye hesabu pamoja, kama tulivyofanya shuleni.

Tuseme mama huchuma kilo 20 kwa siku. Siku nane ni kilo 160. Tuseme kibarua wa kuchuma hulipwa shilingi 10 kwa kilo. Ukimweka kibarua siku zile nane utamlipa shilingi 1,600 kwa mimba nzima, na majani yote yatafika kituoni. Bei hizi ni za mfano tu, weka za kwako. Kisha linganisha na gharama ya kukodi gari usiku wa manane, na kulala hospitalini siku nyingi. Sitaji gharama ya mazishi, kwani hiyo haina hesabu.

Katika siku hizo nane mama hupimwa damu, mkojo na mbio ya damu, hupata sindano ya pepopunda na vidonge vya kuongeza damu, na yote huandikwa katika Kijitabu cha Mama na Mtoto. Baba, kitabu hicho si siri ya wanawake. Kisome. Ukipata nafasi, nenda naye hata mara moja.

CHAI ISINYWEWE PAMOJA NA CHAKULA

Hapa pana jambo ambalo sisi watu wa chai yatupasa kulijua kuliko wengine. Akina mama wengi wenye mimba wana upungufu wa damu, na mwenye damu chache akitokwa na damu wakati wa kuzaa hana akiba. Mwili hutengeneza damu kwa madini ya chuma yaliyomo katika chakula. Lakini chai, ikinywewa pamoja na chakula, huyashika madini hayo yasiingie mwilini.

Hatusemi mtu aache chai. Tunasema mama mwenye mimba ale kwanza, kisha angoje kama saa moja ndipo anywe. Vidonge vyake vya damu avimeze kwa maji wala si kwa chai. Na sahani yake iwe na maharagwe, mboga za managu na sagaa, na nyama au mayai yakipatikana. Chungwa au pera baada ya chakula husaidia madini hayo kuingia. Mursik na maziwa ni chakula chema, lakini havileti damu vyenyewe. Mahali penye desturi ya kumpa baba nyama ya kwanza, baba huyo aweza kuagiza sahani ya mama ijazwe sawa na yake.

DALILI ZA HATARI

Kata sehemu hii uibandike ukutani. Mama mwenye mimba au aliyejifungua akiona mojawapo ya haya, aende hospitali saa ile ile, asingoje asubuhi:

1. Kutokwa na damu, hata kidogo, wakati wa mimba, au damu nyingi baada ya kuzaa.
2. Kichwa kuuma sana, na macho kuona giza au vimulimuli.
3. Uso na mikono kuvimba.
4. Homa kali, au tumbo kuuma sana.
5. Mtoto kuacha kucheza tumboni.
6. Maji kupasuka kabla ya uchungu, au uchungu kupita saa kumi na mbili.
7. Degedege.

Katika sehemu zetu ziko hospitali za kupokea mambo mazito, kama ile ya Kericho, Kapkatet, Longisa na Tenwek. Chagua mapema utakwenda ipi. Andika namba ya simu ya mwenye gari au pikipiki wa jirani, na upatane naye bei kabla ya siku. Mjulishe pia mhudumu wa afya ya jamii anayepita kijijini kwenu.

PESA ZIKO KWA NANI?

Sasa tufike penye uchungu. Mama ameona damu saa tano ya usiku. Baba yuko safarini. Simu yenye pesa iko mfukoni mwa baba, na akaunti ya chai iko kwa jina la baba. Jirani mwenye gari anauliza, "Nani atalipa?" Mama anangoja. Kungoja huko ndiko kunakoua.

Jambo hili ni la siku nyingi. Katika skimu za makazi za miaka ya 1960 mashamba kwa kawaida yaliandikwa kwa jina la mwanamume, na namba ya mkulima wa chai ikafuata jina hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 juu ya wakulima wadogo wa chai wa Kericho ulieleza ya kwamba malipo yalikwenda kwa waume wenye namba, na wake waliochuma wakapoteza moyo wa kazi. Kwa hiyo si mama tu aliyepata hasara, na chai nayo ilipata.

Siku hizi sheria imebadilika. Katiba ya 2010 imewapa mume na mke haki sawa katika ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 imesema wazi ya kwamba kazi ya shamba na kazi ya nyumbani ni mchango katika mali. Lakini huna haja ya kungoja sheria. Uliza katika afisi ya kiwanda chako namna ya kumwandikia mama sehemu ya miti kwa namba yake. Au, kila malipo ya mwezi yakiingia, mpelekee fungu lake katika simu yake mwenyewe, na fungu la dharura lisiguswe kwa jambo jingine.

Na bima? Mwezi Oktoba 2024 mamlaka ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Kujiandikisha ni bure, lakini kwa hospitali kubwa kujiandikisha peke yake hakutoshi, ni lazima malipo yawe yametolewa. Asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima pamoja. Bonasi ya chai kwa kawaida hufika karibu na mwezi huo huo wa Oktoba. Basi lipa bima siku bonasi inapoingia, kabla ya kuonana na marafiki sokoni.

NA MCHUMAJI WA KIBARUA JE?

Wengine wenu mmeajiri wachumaji. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara. Kibarua wa siku chache mara nyingi huikosa, lakini mimba yake ni ile ile. Mpe kikapu chepesi, mpe siku ya kliniki, na usimfukuze tumbo likionekana.

Pia mkumbuke ya kwamba mwezi Februari 2023 shirika la utangazaji la BBC lilieleza habari za wanawake zaidi ya 70 wa mashamba makubwa ya chai waliosema wasimamizi wao waliwadhulumu kwa mambo ya ngono. Wengi walisema hayo ni ya makampuni. Lakini hata shamba la ekari mbili lina mtu anayegawa kazi. Ukimpa kijana wako au nyapara usimamizi, mwambie waziwazi ya kwamba kazi hulipwa kwa shilingi, wala mchumaji hadaiwi kitu kingine.

Ndugu mkulima, mwezi huu fanya mambo matatu. Uliza nyumbani tarehe ya kliniki. Weka pesa ya gari mahali ambapo mama anaweza kuifikia bila kukungoja. Na kesho jioni, kikapu kikijaa, kipokee wewe ukipeleke kituoni. Majirani wakicheka, waulize wao walimpumzisha ng'ombe wao kwa miezi mingapi.