Kigari cha rimoti hushinda mezani kabla ya kuingia uwanjani

WAHENGA walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ingawa methali hiyo yahusu nyumba, inamfaa pia mshindani wa mbio za vigari vya rimoti katika viwanja vya udongo. Ufa wake huwa ni punje ya mchanga isiyoonekana kwa urahisi, na ukuta wake ni injini nzima.

Kwa wengi, kigari cha rimoti ni kitu cha kuchezea watoto. Hata hivyo, katika mataifa kama vile Japani, Marekani, Italia na Ufaransa, watu wazima wamekuwa wakishindana kwa vigari hivi kwa miongo kadhaa.

Kampuni ya Tamiya ya Japani iliuza vigari vyake mashuhuri vya mchangani, Rough Rider na Sand Scorcher, kuanzia mwaka wa 1979. Kufikia 1986, ubingwa wa dunia wa vigari vikubwa zaidi vya udongoni, vilivyoundwa kwa kipimo cha moja kwa nane, ulikuwa umeanza kushindaniwa mjini Grenoble, Ufaransa.

Kigari cha kipimo hicho kina urefu wa karibu nusu mita na uzani wa kilo tatu na ushee. Magurudumu yake yote manne huendeshwa na injini yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 3.5 tu, lakini ambayo huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Siku hizi vipo pia vigari vinavyotumia mota ya umeme na betri, ingawa mbio za injini zingali na mashabiki wengi.

Fainali ya ubingwa wa dunia hudumu saa nzima. Kwa kuwa tangi halibebi zaidi ya mililita 125, ni sharti kigari kiingie kujazwa fueli kila baada ya dakika chache. Katika muda huo wote kinaruka matuta, kinaanguka kwa kishindo na kumeza vumbi bila kupumzika.

Kwa sababu hiyo, mwenye kasi kubwa zaidi si lazima awe ndiye atakayemaliza. Madereva wenye tajriba hufuata mpango usiobadilika: kwanza usafi, pili ukaguzi, na mwisho marekebisho. Anayepindua mpango huo hujikuta akitibu ugonjwa usiokuwepo. Kigari kikivuta upande wa kushoto, atabadilisha springi, kumbe tatizo ni chuma kilichopinda au beringi iliyojaa mchanga.

Usafi huanzia kwenye chujio la hewa. Wakenya waliofuatilia mbio za Safari Rally, zilizorejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mnamo 2021, wanajua jinsi vumbi laini la Naivasha linavyoweza kuikaba injini. Kigari kidogo kinakabiliwa na hatari iyo hiyo, tena kikiwa karibu zaidi na ardhi.

Chujio lake ni sponji iliyolowekwa oili maalumu inayonasa vumbi. Sponji hiyo huoshwa, hukaushwa na kutiwa oili upya, au hubadilishwa, kila baada ya mbio. Ikikauka au ikichanika, vumbi hupenya hadi ndani ya silinda.

Madhara yake ni makubwa kwa sababu ya namna injini hii ilivyoundwa. Pistoni yake haina ringi. Silinda ni nyembamba kidogo upande wa juu, na pistoni huibana hapo ili kuhifadhi mgandamizo. Vumbi likichanganyika na oili hugeuka kuwa kama msasa, likala chuma na kuondoa mbano huo. Injini iliyofikia hali hiyo huwaka kwa taabu na huzimika ikipata moto. Hakuna sindano ya kabureta inayoweza kuiponya.

Baada ya usafi hufuata ukaguzi. Kila gurudumu huzungushwa kwa mkono ili kusikiliza kama beringi inakwaruza. Skrubu zote hukazwa, na zile zinazoingia kwenye chuma hupakwa gundi maalumu ili zisilegezwe na mtetemo. Meno ya gia huangaliwa: yakibanana sana huzalisha joto, na yakiachana sana huliana.

Ni hapo tu ndipo marekebisho huanza, na yale yenye hatari kubwa zaidi ni ya injini. Fueli yake si petroli, bali ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili ya kulainisha. Plagi yake nayo haitoi cheche. Ina waya mwembamba wenye platini, ambao hupashwa moto kwa betri wakati wa kuwasha tu, kisha hubaki ukiwaka kutokana na joto la injini na mmenyuko wa platini na methanoli.

Kabureta ina sindano zinazopima kiasi cha fueli, moja ikiwa ya kasi ya juu na nyingine ya kasi ya chini. Fueli ikipunguzwa, injini huchangamka na kigari hupata mbio zaidi. Hapa ndipo penye mtego. Kwa kuwa oili imo ndani ya fueli, anayepunguza fueli anapunguza pia ulainisho. Injini huwa na nguvu ya kupendeza muda mfupi kabla ya kuungua.

Ndiyo maana sindano haizungushwi zaidi ya sehemu moja ya nane ya mzunguko kwa wakati mmoja. Injini nyingi hufanya kazi vizuri joto la kichwa chake likiwa kati ya nyuzi 100 na 120 za Selsiasi, lakini kipimajoto pekee hakitoshi. Ishara ya kutegemewa ni mkia mwembamba wa moshi unaoonekana kigari kinapoongeza kasi. Moshi ukitoweka na injini ikachelewa kutulia baada ya mafuta kuachiliwa, fueli ni haba na sharti iongezwe mara moja.

Hali ya hewa nayo huwaponza wengi. Hewa ya mchana yenye joto ni nyepesi na huhitaji fueli kidogo. Jioni hewa hupoa na kuwa nzito. Dereva asiyegusa sindano aliyoiweka saa nane mchana anaweza kuingia fainali ya jioni akiwa na fueli haba bila kujua, na injini ikafa akiwa anaongoza.

Kuhusu mwendo wa kigari uwanjani, jambo la kwanza ni tairi. Udongo mkavu wenye vumbi, udongo wenye unyevu na udongo ulioshindiliwa kila mmoja huhitaji tairi yenye meno na ulaini wake. Tairi isiyofaa haiwezi kufidiwa na marekebisho mengine yoyote.

Baadaye huja shokamzoba, yaani vifaa vinavyomeza mishtuko. Ndani yake mna mafuta ya silikoni yanayouzwa kwa kiwango cha uzito. Mafuta mepesi huiacha tairi ifuate mabonde ya uwanja, huku mazito yakizuia kigari kugonga chini kinapotua. Mapovu ya hewa huondolewa kwa uangalifu, na shokamzoba za kulia na kushoto hulinganishwa mkononi. Zisipolingana, kigari kitatua kwa upande mmoja kila kinaporuka.

Kigari hiki kina difu tatu: ya mbele, ya kati na ya nyuma, nazo pia hujazwa mafuta ya silikoni. Mafuta mepesi mno katika difu ya kati huruhusu nguvu kukimbilia magurudumu ya mbele yanapopoteza mshiko, yakazunguka bure. Mazito hugawa nguvu karibu sawa, lakini huweza kukifanya kigari kiwe kikali uwanja unapoteleza.

Kigari kikikataa kukata kona, dereva anaweza kulegeza springi za mbele. Mkia ukitupwa nje, hulegeza za nyuma. Lakini ipo kanuni moja isiyovunjwa: hubadilishwa kitu kimoja tu, kigari hujaribiwa, na matokeo huandikwa daftarini. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja, hata akifaulu, hatajua ni kipi kilichomsaidia.

Mbio zikiisha, kazi haijaisha. Tangi humwagwa, injini huachwa imalize fueli iliyosalia, kisha hutiwa matone ya oili maalumu. Methanoli hufyonza unyevu wa hewani, na fueli ikilala ndani ya injini usiku kucha, beringi hushikwa na kutu.

Fueli hiyo yafaa kuogopwa na binadamu pia. Methanoli ndiyo sumu iliyoua makumi ya Wakenya mnamo Mei 2014 ilipotiwa kwenye pombe haramu, na kuwapofusha wengine. Huhifadhiwa katika chombo chake chenye maandishi, mbali na watoto na mbali na moto. Ikiwaka mchana wa jua kali, ndimi zake hazionekani kwa urahisi.

Yote haya huchukua saa nyingi mezani kwa ajili ya dakika chache uwanjani. Mtazamaji huona kigari kikiruka tu. Asichokiona ni sponji iliyooshwa jana usiku, ambayo pengine ndiyo iliyoamua ni nani atakayemaliza saa nzima na ni nani atakayebeba kigari chake mkononi.