Ugumu wa Kisu Hutoka Wapi?

Kabla ya majembe ya viwandani kuenea kusini mwa Ziwa Victoria, wakulima wa Usukuma na Unyamwezi walitegemea majembe ya wahunzi. Mashuhuri miongoni mwao walikuwa Warongo wa Geita, walioyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivukuto. Majembe yao yalisafirishwa mbali, na katika Usukuma jembe la chuma lilitolewa hata kuwa mahari.

Siku hizi mhunzi hana haja ya kuyeyusha mawe. Springi kuukuu ya lori humtosha kufua kisu au panga. Lakini malighafi hii ina tabia yake. Chuma chenye kaboni kidogo sana hakibadiliki mno kikizamishwa majini. Springi ni feleji, yenye kaboni yapata sehemu 6 katika 1,000. Mhunzi asiyezingatia tofauti hiyo huuza kisu kinachopinda kama bati au kuvunjika kama kioo, na mnunuzi harudi tena.

Sababu ni nini? Feleji ifikapo nyuzi 800 hivi za Sentigredi, atomi za chuma hujipanga upya, na zile za kaboni hupata nafasi ya kuenea kati yao. Ikipoa polepole, kaboni hujitenga, na feleji huwa laini. Ikipozwa ghafula, kaboni hunaswa ndani na kuukaza mpangilio wote. Hapo ndipo ugumu unapotoka, na wepesi wa kuvunjika pia.

Mhunzi asiye na kipimajoto aweza kutumia sumaku: feleji huacha kuvutwa nayo karibu na nyuzi 770. Joto lizidi hapo kidogo, kisha kisu kizamishwe katika mafuta, maana maji huweza kuipasua feleji ya springi. Kanuni ni hiyo hiyo, moto uwe wa mkaa au wa tanuri la gesi lililoundwa nyumbani. Tanuri liwekwe mahali penye hewa nyingi, kwani kaboni monoksaidi haina harufu, nayo huua.

Kazi haijaisha. Kisu husuguliwa kikang'aa, kisha hupashwa moto tena taratibu. Utando mwembamba wa oksaidi huonyesha joto lake: rangi ya majani makavu ni nyuzi 220 hivi, inayofaa makali ya kisu, buluu ni nyuzi 300 hivi, inayofaa springi. Hatua hii hupunguza ugumu kidogo na kuongeza ustahimilivu mwingi.

Wanafunzi wanaweza kuyathibitisha haya darasani kwa sindano tatu za kushonea, koleo na miwani ya kukinga macho. Zote zipashwe moto hadi ziwe nyekundu. Ya kwanza ipoe polepole. Nyingine mbili zizamishwe majini. Kati ya hizo mbili, moja isuguliwe na kupashwa tena juu ya bamba la chuma mpaka iwe buluu. Kisha zikunjwe zote kwa koleo. Ya kwanza itapinda, ya pili itakatika, ya tatu itapinda kidogo na kurudi. Chuma ni kile kile. Kilichotofautiana ni joto na muda wa kupoa.